Mama Naye Hukoroma

Fomu ina maswali 8, na kila "ndiyo" ni alama moja. Unakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango uliofungwa? Mchana unajisikia mchovu au unasinzia? Yupo aliyekuona ukikata pumzi ukiwa umelala? Una presha? Uzito wako umezidi sana ukilinganishwa na kimo? Umevuka miaka 50? Mzingo wa shingo yako unazidi sentimita 40? Swali la mwisho ni fupi kuliko yote: wewe ni mwanamume?

Fomu hiyo inaitwa STOP-BANG. Ilichapishwa mwaka 2008 na timu ya Dkt. Frances Chung, daktari wa nusukaputi wa Toronto, Kanada, ili kuwatambua kabla ya upasuaji wagonjwa ambao koo zao huziba wakilala. Leo inatumika katika nchi nyingi kwa sababu haimalizi hata dakika mbili na haihitaji kifaa zaidi ya tepu ya kupimia shingo. Alama 3 na kuendelea humtia daktari wasiwasi.

Swali la nane halikuwekwa kwa dharau. Kukatika pumzi usingizini, ugonjwa ambao madaktari huuita apnea, kweli huwapata wanaume wengi zaidi. Hata hivyo mwanamke anaanza fomu akiwa nyuma kwa alama moja, na shingo yake, ambayo kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya mwanamume, humpunguzia nafasi ya alama ya pili. Maswali mengine mawili yanahitaji shahidi: mtu wa kusikia mkoromo na mtu wa kuona pumzi ikikatika. Mjane anayelala peke yake hana shahidi. Mama anayelala na watoto wadogo hana. Na mwenye mume anayelala usingizi wa pono naye hana.

Matokeo yake ni wanawake wengi wanaotibiwa kila kitu isipokuwa koo: presha isiyoshuka, kichwa kinachouma asubuhi, sonona, kukosa usingizi, uchovu wa "umri tu huo". Tiba ya koo lenyewe ipo tangu miaka ya 1980, na inawafaa wanawake sawa na wanaume. Kinachochelewa ni utambuzi.

Njia isiyo na mfupa

Kuanzia nyuma ya pua hadi kwenye zoloto, njia ya hewa haikuzungukwa na mfupa. Kuta zake ni misuli na nyama laini: kaakaa laini, kilimi, ulimi, mafindofindo. Mtu akiwa macho, ubongo huiamuru misuli hiyo ikae imekaza. Akilala, amri hupungua, misuli hulegea na njia hupungua upana. Kwa watu wengi nafasi inayobaki inatosha. Kwa wengine kuta hukaribiana mpaka hewa inapita kwa kuzitikisa, na hapo ndipo mkoromo unapozaliwa. Kuta zikigusana, njia hunywea kama mrija laini wa soda uliovutwa kwa nguvu.

Kifua kinaendelea kuvuta, lakini hakuna kinachoingia. Oksijeni kwenye damu inashuka, hewa ya kaboni inapanda, na ubongo unashtuka. Mlalaji huzinduka kwa sekunde chache, mara nyingi bila kujua, huvuta pumzi kwa kishindo, kisha hulala tena. Baada ya muda mfupi mambo huanza upya.

Tukio huhesabiwa likidumu angalau sekunde 10, iwe hewa imekatika kabisa au imepungua kwa kiasi kikubwa. Matukio yote ya usiku hujumlishwa na kugawanywa kwa saa za usingizi. Kwa mtu mzima, chini ya 5 kwa saa ni kawaida. Kuanzia 5 ni ugonjwa mwepesi, kuanzia 15 ni wa kati, na kuanzia 30 ni mkali. Mwenye matukio 30 kwa saa, kwa wastani, pumzi yake inakwama kila baada ya dakika 2.

Tarakimu hiyo moja ndiyo huamua nani atibiwe na nani aambiwe arudi nyumbani, na ndiyo inayowapunja wanawake. Kwa kawaida matukio ya mwanamke huwa mafupi. Hewa yake hupungua zaidi kuliko kukatika kabisa, na oksijeni haishuki sana kwa kuwa ubongo wake huwahi kumshtua. Juu ya hayo, mengi hujazana katika usingizi wa ndoto, ambao ni takriban robo ya usiku na ndio wakati misuli inalegea kupita wakati wowote mwingine.

Hesabu yenyewe inaonyesha. Tuseme mwanamke amelala saa 7. Katika saa moja na nusu ya ndoto pumzi yake imekwama mara 45, yaani mara 30 kwa saa, kiwango cha ugonjwa mkali. Saa zilizobaki amepumua vizuri. Gawanya 45 kwa 7, jibu ni 6 na ushei. Karatasi ya majibu itaandika "mwepesi", na huenda mgonjwa akaagizwa apunguze chumvi na mawazo.

Kanuni za kuhesabu nazo zina neno lake. Kuna maabara zinazotambua upungufu wa hewa pale tu oksijeni inaposhuka kwa asilimia 4. Nyingine hukubali ikishuka kwa asilimia 3, au mlalaji akishtuka hata kama oksijeni haikushuka kiasi hicho. Mwanamke yuleyule, kwa usiku uleule, anaweza kuitwa mgonjwa huku na mzima kule.

Sura ya mwanamume mnene

Namna ugonjwa huu ulivyoingia kwenye vitabu vya tiba inaeleza mengi. Mwaka 1836 Charles Dickens alianza kuchapisha The Pickwick Papers, hadithi yenye kijana mnene aitwaye Joe anayesinzia akiwa kazini. Miaka 120 baadaye, mwaka 1956, madaktari wa Marekani wakiongozwa na Sidney Burwell walieleza habari za mfanyabiashara mnene aliyesinzia katikati ya mchezo wa karata ilhali mkononi ameshika karata za ushindi. Wakaazima jina la hadithi ya Dickens kuuita ugonjwa wake. Mwaka 1965 watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila kundi kwa upande wake, walirekodi pumzi za wagonjwa zikikatika usingizini. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliupa ugonjwa jina linalotumika hadi leo.

Kwa hiyo kuanzia riwaya hadi kliniki, mgonjwa wa mfano alikuwa mwanamume, mnene, anayekoroma na kusinzia mbele za watu. Aliyefanana na sura hiyo alitumwa kupimwa. Katika kliniki za usingizi za miaka ya mwanzo, kwa kila mwanamke mmoja walifika wanaume wanane au zaidi.

Mambo yaligeuka watafiti walipoacha kuwasubiri wagonjwa kliniki na kuwafuata watu wa kawaida. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Terry Young na wenzake waliwalaza maabara watumishi wa serikali 602 wenye umri wa miaka 30 hadi 60. Majibu yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kwamba asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake walikuwa na matukio 5 au zaidi kwa saa. Kumbe pengo lilikuwa dogo sana kuliko kliniki zilivyodhani. Mwaka 1997 kundi hilohilo likakadiria kwamba miongoni mwa wenye ugonjwa wa kati na mkali, asilimia 82 ya wanaume walikuwa hawajatambuliwa. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 93.

Vipimo vilipozidi kuwa makini, idadi ilipanda. Mwaka 2013 Karl Franklin na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 400 wa Uppsala, Uswidi, wenye umri wa miaka 20 hadi 70, waliopimwa usiku kucha. Nusu yao walikuwa na matukio 5 au zaidi kwa saa, na asilimia 6 walikuwa na ugonjwa mkali. Kati ya wenye presha, wanne katika kila watano walikutwa na matukio hayo. Huko Lausanne, Uswisi, utafiti wa watu zaidi ya 2,000 uliotoka mwaka 2015 ulikuta ugonjwa wa kati au mkali kwa asilimia 23 ya wanawake waliopimwa. Si kila mwenye tarakimu hizo anaumwa kwa maana ya kuhitaji dawa au mashine. Lakini hadithi ya ugonjwa wa wanaume ilikuwa imekwisha.

Dalili zenye majina mengine

Wanaume wengi hufika hospitali wakilalamikia kukoroma na kusinzia, tena mara nyingi wakisukumwa na wake zao. Mwanamke huja peke yake na lugha nyingine. Husema amechoka, hasemi anasinzia. Husema hapati usingizi, au huupata halafu akaamka saa nane za usiku na kubaki akikodolea dari. Kichwa humuuma anapoamka. Moyo humwenda mbio. Hasira ziko karibu, machozi yako karibu, na anasahau alichofuata chumbani.

Kwa malalamiko hayo, daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni huandika sonona, wasiwasi, upungufu wa damu au kukoma hedhi. Wakati mwingine yuko sahihi. Wakati mwingine anaandika dawa ya usingizi au ya kutuliza, na baadhi ya dawa hizo huzidi kulegeza misuli ya koo au kuuchelewesha ubongo kumshtua mlalaji.

Dalili moja hupuuzwa kuliko nyingine: kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Wengi huulaumu umri, uzazi mwingi au kibofu. Kumbe kifua kinapovuta kwa nguvu dhidi ya koo lililofungwa, shinikizo ndani yake hushuka na damu nyingi hurudi moyoni kwa pamoja. Moyo hujihisi umejaa maji, ukatoa homoni inayoziamuru figo zikojoe. Mwanamke anayeamka mara tatu kwa usiku anaweza kuwa anaamshwa na koo, kibofu kikawa ni cha kusingiziwa tu.

Na mkoromo upo, ila unafichwa. Katika jamii nyingi mwanamume akikoroma huchekwa kidogo, mwanamke akikoroma huaibika. Wapo wanaokataa kulala ugenini au kusafiri na wenzao kwenda msibani kwa sababu hiyo. Daktari akiuliza, jibu linakuwa "hapana".

Homoni, mimba na miaka ya hamsini

Kabla ya kukoma hedhi, mwanamke ana kinga fulani. Projesteroni huchochea upumuaji, na homoni za kike husaidia misuli ya koo kufanya kazi. Mafuta pia hukaa zaidi nyongani na mapajani kuliko shingoni na tumboni. Hedhi inapokoma, kinga hiyo hupungua na mafuta huhama. Utafiti wa Edward Bixler na wenzake wa Pennsylvania, uliochapishwa mwaka 2001 na kuhusisha wanawake 1,000, ulikuta ugonjwa wenye dalili kwa asilimia 0.6 ya waliokuwa bado wanapata hedhi, na asilimia 2.7 ya waliokoma bila kutumia homoni za hospitali. Waliokoma na kuzitumia walikuwa asilimia 0.5. Pamoja na hayo, homoni hizo haziandikwi kama tiba ya koo. Zina matumizi yake na hatari zake, na uamuzi wa kuzitumia hufuata mambo mengine.

Wanawake wenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari, linalovuruga hedhi na kuotesha ndevu, nao wako hatarini mapema kuliko wenzao. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango huongeza hatari pia.

Mimba ni kipindi kingine. Pua huvimba kwa ndani, uzito huongezeka, na tumbo husukuma kiwambo cha kupumulia juu. Nchini Marekani, utafiti wa wajawazito wa mimba ya kwanza ulioongozwa na Francesca Facco na kuchapishwa mwaka 2017 ulipima upumuaji wao nyumbani mara mbili. Mwanzoni mwa mimba asilimia 3.6 walikuwa na tatizo. Katikati ya mimba walikuwa asilimia 8.3. Wenye tatizo mapema walikabiliwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, ile inayotangulia kifafa cha mimba, na zaidi ya mara tatu wa kupata kisukari cha mimba. Utafiti wa aina hiyo huonyesha mambo yanayoandamana, hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Bado ni sababu ya kutosha kwa mkunga kumuuliza mjamzito mwenye presha analalaje.

Baada ya miaka 50 hatari hii hujulikana zaidi inapowapata wenye majina makubwa. Mwigizaji Carrie Fisher wa Star Wars aliugua ghafla ndani ya ndege iliyotoka London kwenda Los Angeles tarehe 23 Desemba 2016, akafariki siku nne baadaye akiwa na miaka 60. Mwaka 2017 mchunguzi wa vifo wa Kaunti ya Los Angeles alitaja kukatika pumzi usingizini pamoja na sababu nyingine zisizobainika, akaongeza ugonjwa wa mishipa ya moyo na matumizi ya dawa za kulevya. Kila kimoja kilichangia kiasi gani, ripoti haikuweza kusema. Lakini ugonjwa huu ukawa umetajwa wazi kwenye kifo cha mwanamke.

Madhara yasiyoishia usingizini

Kila mshtuko wa usiku humwaga homoni za hofu kwenye damu. Mishipa hubana, presha hupanda. Kwa mtu mzima wa afya presha hushuka akilala. Kwa huyu haishuki, na baada ya miaka haishuki hata mchana. Ndiyo maana mgonjwa anayemeza dawa tatu za presha bila mafanikio anastahili kupimwa usingizi. Oksijeni inayopanda na kushuka huichosha mishipa na kuufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo, kwa hiyo sukari nayo inayumba.

Nchini Hispania, Francisco Campos-Rodríguez na wenzake waliwafuatilia wanawake 1,116 waliofika kwenye kliniki za usingizi. Mwaka 2012 walieleza kwamba wenye ugonjwa mkali ambao hawakutibiwa walikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa mara 3.5 ya wasio na ugonjwa. Waliotumia ipasavyo mashine ya kupuliza hewa kooni hawakuonyesha ongezeko hilo.

Ubongo nao haukubaki salama. Kristine Yaffe wa California na wenzake waliwapima usingizi wanawake 298 wenye wastani wa miaka 82 ambao akili zao zilikuwa timamu. Baada ya takriban miaka mitano, asilimia 45 ya waliokuwa na matatizo ya kupumua usingizini walikuwa wameanza kupungukiwa kumbukumbu au kupata ugonjwa wa kusahau. Kwa waliopumua vizuri ilikuwa asilimia 31.

Kifyonza vumbi cha Sydney

Hadi mwaka 1980 tiba ya uhakika ilikuwa moja: kutoboa shingo na kuweka bomba la kupumulia. Mwaka huo, Sydney, Australia, Dkt. Colin Sullivan alichukua mota ya kifyonza vumbi, akaiunganisha na bomba na barakoa ya puani, akapuliza hewa polepole ndani ya koo la mgonjwa aliyelala. Koo likabaki wazi. Aprili 1981 aliwasilisha habari za wagonjwa watano katika jarida la The Lancet. Mashine zilizotokana na mota ile huitwa CPAP. Haziongezi oksijeni wala hazipumui badala ya mtu. Kazi yake ni kuweka shinikizo dogo la hewa linalozuia kuta za koo kukutana.

Kwa wanawake peke yao, jaribio kubwa lilifanyika tena Hispania. Wanawake 307 wenye ugonjwa wa kati au mkali waligawanywa kwa kura: nusu wapewe mashine, nusu waendelee na ushauri wa kawaida. Baada ya wiki 12, matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kwamba wenye mashine walisinzia kidogo, walikuwa na hali bora ya hisia na wasiwasi mdogo, na waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi.

Kuhusu kuzuia kiharusi na mshtuko wa moyo, ushahidi haujatulia. Jaribio la SAVE la mwaka 2016, lenye watu 2,717 ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, halikuona mashine ikipunguza matukio hayo. Washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na wanne kati ya kila watano walikuwa wanaume. Kwa presha, mashine husaidia kwa kiasi kidogo, kwa hiyo haichukui nafasi ya vidonge.

Ugumu mkubwa ni kuivaa. Barakoa nyingi zilichongwa kwa nyuso kubwa, na kwa uso mdogo hewa huvuja machoni. Mwenye rasta nene au misuko mikubwa hupata taabu na mikanda ya kichwani. Wengine huona haya mume kuwakuta nayo. Dawa yake ni kujaribu barakoa ndogo, zile za kuziba matundu ya pua tu, na kurudi kwa mtaalamu wiki za mwanzo badala ya kuifungia kabatini. Anayenunua mashine iliyotumika aulize ilitengenezwa lini: Juni 2021 kampuni ya Philips iliita zirudishwe mamilioni ya mashine zake, kwa sababu sponji iliyomo ingeweza kuvunjika na kuingia kwenye njia ya hewa.

Kwa ugonjwa mwepesi na wa kati kuna kifaa cha kinywani kinachotengenezwa na daktari wa meno, kinachosogeza taya la chini mbele pamoja na ulimi. Wapo pia wanaosaidiwa kwa kulala ubavu na kuacha pombe jioni, hasa wale ambao koo lao hufunga wakilala chali tu.

Uzito ni habari nzito, na haumhusu kila mtu, maana wembamba nao huugua. Lakini unapohusika, hesabu iko wazi. Watu wa Wisconsin walipofuatiliwa kwa miaka minne, aliyepunguza asilimia 10 ya uzito alitarajiwa kupunguza matukio kwa asilimia 26. Aliyeongeza asilimia 10 yalipanda kwa asilimia 32. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha sindano ya tirzepatide kwa watu wanene wenye ugonjwa wa kati au mkali, ikiwa dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ajili ya ugonjwa huu. Takriban theluthi moja ya waliojaribiwa walikuwa wanawake. Pengo hilo liko pia kwenye vifaa: katika jaribio la mwaka 2014 la kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kuuamsha mshipa wa fahamu wa ulimi, wanawake walikuwa chini ya mmoja kwa kila watano.

Kliniki ya presha na kisukari

Katika Afrika Mashariki, maabara za usingizi ni chache na nyingi ziko hospitali kubwa za mijini. Mgonjwa mwenyewe hayuko mbali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza, dhidi ya asilimia 19 ya wanaume. Katika utafiti wa wagonjwa 223 wa kisukari katika hospitali ya rufaa nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2017, asilimia 44 walikuwa katika hatari kubwa ya kukatika pumzi usingizini kwa mujibu wa maswali waliyojibu. Kliniki za presha na kisukari, ambazo wanawake huhudhuria kila mwezi kuchukua vidonge, ndizo mahali pa karibu pa kuanza kuuliza.

Mwanamke anayejishuku anaweza kwenda na ushahidi. Simu iliyoachwa ikirekodi sauti kando ya kitanda inatosha kumpa daktari cha kusikiliza, na binti au dada aliyelala chumba kimoja naye anaweza kueleza alichokiona. Aandike ameamka mara ngapi kwenda haja, kichwa kimeuma asubuhi ngapi, dawa gani za kutuliza anatumia, na hedhi yake imefikia wapi. Akienda kupasuliwa, ukiwemo upasuaji wa uzazi, amweleze daktari wa nusukaputi kwamba anakoroma, kwa kuwa dawa za usingizi na za maumivu hulegeza koo hilohilo.

Kipimo kinachopatikana kirahisi zaidi ni cha nyumbani: kamba ya kifuani, bomba dogo la puani na kibano cha oksijeni kidoleni. Aina nyingi za kifaa hicho hazisomi mawimbi ya ubongo, kwa hiyo haziwezi kujua mlalaji ameshtuka mara ngapi. Tena hugawanya matukio kwa saa zote ambazo kifaa kilikuwa kimewashwa, zikiwemo zile alizokuwa macho. Mwanamke mwenye dalili zote akirudishiwa karatasi inayosema hana tatizo, miongozo ya madaktari wa usingizi inataka apelekwe kwenye kipimo kamili cha maabara chenye nyaya za kichwani. Huko tarakimu za usingizi wa ndoto zinaweza kusomwa peke yake.